Kuchora nyumba ukiwa nje: anza na kivuli

Ukisimama mbele ya nyumba Kisumu na brashi mkononi, una kama saa mbili za kazi kabla jua halijakugeuzia kila kitu. Hapa ni karibu kabisa na ikweta, na asubuhi jua hupanda takriban nyuzi 15 kwa saa. Mwezi wa Machi, saa mbili kasorobo, nguzo ya mita 3 huwa na kivuli cha mita 11 hivi. Ikifika saa nne kasorobo, kivuli hichohicho kimebaki mita 3. Kwa hiyo usichukue kibao kikubwa cha kuchorea. Sentimita 20 kwa 25 zinatosha. Mwenye mkono mwepesi aende hadi 25 kwa 30.

Saa nzuri ni kuanzia saa moja na nusu hadi saa tatu na nusu asubuhi. Jioni pia, kuanzia saa kumi, kuna mwanga mtamu, lakini alasiri ndipo mawingu ya mvua hujikusanya na upepo wa ziwa huwa umeshika kasi. Saa saba kasorobo, jua linapofika juu kabisa, kivuli cha upenu huteremka ukutani na nyumba huonekana bapa. Anayetaka kuchora bila haraka afuate miezi: Desemba jua hupita upande wa kusini, kwa hiyo ukuta unaotazama kaskazini hukaa kivulini kutwa. Juni ni kinyume chake.

Kibao cha hardboard kipige msasa, kisha mikono miwili ya jeso, ile rangi nyeupe ya kutandika chini kabla ya kuchora. Kwa mazoezi, rangi nyeupe ya ukuta ya maji inafaa. Juu yake pitisha siena, rangi ya kahawia ya udongo, nyepesi sana, kwa sababu weupe mtupu nje huumiza macho na kukudanganya.

Omba ruhusa kwa mwenye nyumba, chora mistari michache ya penseli, halafu nenda moja kwa moja kwenye vivuli. Changanya bluu ya ultramarini, ile iliyokolea, na siena iliyochomwa, yenye wekundu zaidi, iwe nyembamba, kisha jaza vivuli vyote kwa dakika kumi za kwanza: cha upenu, cha mwembe, cha ndani ya mlango. Andika saa nyuma ya kibao. Kuanzia hapo mipaka hiyo haisogei, hata jua likisogea. Wengi huharibu hapa: wanakirekebisha kivuli kimoja baada ya kingine, mwishowe upenu una kivuli cha saa mbili na mwembe una cha saa nne. Mtazamaji hatajua kosa liko wapi, ila nyumba haitamkalia vizuri machoni.

Sasa jaza sehemu kubwa za mwanga, ukifinya macho ili upambanue giza na mwanga tu. Ukuta wa chokaa usiupake nyeupe tupu. Tia njano ya udongo kidogo, nyeupe yenyewe uiweke akiba kwa mng'aro wa mabati. Kivuli nacho si kijivu. Ardhi ya maramu hurudisha mwanga juu, kwa hiyo chini ya upenu huwa na wekundu wa joto, wakati kivuli kilichoanguka chini hubeba ubluu wa anga. Tofauti hiyo peke yake huufanya ukuta usimame. Mabati mapya hubeba rangi ya anga; yaliyoshika kutu yanataka siena na njano ya udongo. Mikunjo yake ionyeshe kwenye ukingo wa paa na mistari mitatu minne katikati. Ukichora yote, paa litaonekana kama kitana.

Wingu likipita, acha sehemu za mwanga na ushughulikie madirisha na milango. Likikaa zaidi ya dakika ishirini, toa kibao cha pili uanze picha ya mawingu. Mchoraji Mfaransa Claude Monet alifanya vivyo hivyo alipochora kanisa kuu la Rouen, Ufaransa, mwaka 1892 na 1893: mwanga ukigeuka, anabadilisha turubai. Kibao cha kwanza kirudie kesho saa ileile.

Ukitumia akriliki, rangi ya kuchorea inayochanganywa na maji, hukauka upesi kwenye joto hili. Tandika tishu zilizoloweshwa kwenye sahani, juu yake karatasi ya kuokea, na uchanganyie hapo. Stendi ifungie jiwe chini.

Kibao chenyewe kiwe kivulini. Kikipigwa na jua, rangi huonekana angavu kuliko zilivyo, unazitia giza, na ukifika nyumbani picha ni nyeusi tii. Mwavuli ni mweusi au mweupe. Ule wa kijani wa wakala wa pesa hupaka kila kitu ukijani, na hutagundua mpaka uufunge.