Dakika 11 za kukaa na kiu ya pombe: fanya hivi

Mwaka 2017, watafiti wa University College London waliwachukua watu 68 wanaokunywa sana lakini hawajafikia uraibu. Nusu walifundishwa kulegeza mwili ili kiu iwatoke; nusu wakafundishwa kuitazama kiu bila kuikimbia. Mafunzo ya dakika 11 tu. Wiki iliyofuata, waliojifunza kuitazama walipunguza uniti 9.3 za kilevi (kipimo cha Uingereza), karibu chupa nne za bia ya nusu lita yenye kilevi asilimia 5. Wenzao hawakupunguza kwa kiasi cha maana. Vijana ninaowashauri nawafundisha njia hii.

Kabla ya yote: kama usipokunywa asubuhi mikono inatetemeka na jasho linakutoka, au umewahi kuanguka kifafa ulipoacha pombe, usiache ghafla. Nenda hospitali. Kuacha kwa namna hiyo kunaweza kuua.

1. Wahi. Ijumaa saa kumi na moja jioni, kabla rafiki hajapiga simu kusema "tupo hapa, njoo". Kaa kwenye kiti, simu iwe mbali, tega saa dakika 11.

2. Iite kiu. Vuta picha ya chupa inayotoa jasho, kizibo kikifunguliwa.

3. Itafute mwilini. Hapa ndipo kazi ilipo, usiharakishe. Mate yamejaa? Kifua kimebana? Goti linachezacheza? Kijana mmoja aliikuta kwenye kidole gumba: kilikuwa kinajikunja kutafuta namba ya rafiki yake. Iseme ilivyo, kimoyomoyo: "joto, kooni, linapanda." Usibishane nayo wala usijilaumu. Wanaojikaripia "sitaki, sitaki" ndio ninaowaona wakichoka mapema.

4. Panda nayo. Marehemu Alan Marlatt, mwanasaikolojia wa Marekani, aliifananisha kiu na wimbi. Mtu wa ngalawa anaelewa haraka: wimbi likija unalielekezea omo, linakuinua, linapita chini yako. Pumzi ndiyo usukani. Akili ikihama, irudishe palepale kiu ilipo.

5. Andika kwenye daftari: saa, nguvu ya kiu kati ya 0 na 10 mwanzoni na mwishoni, na chupa ulizokunywa usiku huo. Ukienda ukanywa sita, andika sita. Kesho yake kaa tena, saa ileile, kiti kilekile.