Jinsi ya kumwogesha mgonjwa kitandani bila kumvunjia heshima

Mwanafunzi wa uuguzi akipangiwa kuogesha huona amepewa kazi ya chini huku wenzake wakichoma sindano. Mimi naona ndiyo kazi yenye mafunzo mengi kuliko zote za zamu. Unakaa na mgonjwa mmoja muda mrefu, unaona ngozi yake yote, naye anapata nafasi ya kusema yale aliyonyamazia madaktari walipopita. Nachukulia hapa mgonjwa asiyeweza kuinuka.

1. Soma faili, kisha omba ruhusa

Jua upande upi ni dhaifu, dripu iko mkono gani na kama kuna mkao aliokatazwa. Kama ana dawa ya maumivu iliyoandikwa, mwombe muuguzi wa zamu ampe mapema ili uanze ikiwa imeshashika.

Halafu nenda kitandani, hakikisha jina lake, ujitambulishe. "Shikamoo mama. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi, nimekuja kukuogesha. Tuanze sasa, au upumzike kwanza?" Ukiuliza hivyo, uwe tayari kwa jibu lolote. Akisema baadaye, mwambie saa utakayorudi, na urudi saa hiyohiyo. Muulize pia kama angependa ahudumiwe na mtu wa jinsia yake.

2. Andaa kila kitu kabla hujagusa nguo

Karai, sabuni, vitambaa vya kuogea, taulo mbili, glavu, shuka na nguo safi, mfuko wa vitu vichafu. Funga pazia na madirisha, kaza breki za kitanda, kiinue kifike kiunoni pako. Nawa mikono kwa sabuni sekunde 40 hadi 60. Maji yawe ya vuguvugu: yapime kwa upande wa ndani wa mkono wako, kisha mwache mgonjwa naye ayaguse. Yakipoa au yakichafuka, badilisha.

3. Funika ndipo uvue

Tandaza taulo au shuka juu yake, nguo zitoke chini ya hilo shuka. Unapovua, anza na mkono mzima. Unapovisha, anza na ule dhaifu au wenye dripu. Funua kiungo kimoja tu, kioshe, kikaushe, kifunike, ndipo uende kingine.

4. Utaratibu wa kuosha

Macho kwanza, kwa maji matupu bila sabuni, kutoka kona ya puani kwenda nje, kila jicho na pembe yake ya kitambaa. Kisha uso, shingo, mikono, kifua, tumbo, miguu. Kausha vizuri chini ya matiti na katikati ya vidole vya miguu, maana unyevu hujificha huko. Usikande misuli ya nyuma ya muundi. Kama kuna damu iliyoganda kwenye mshipa, kukanda kunaweza kuisukuma ikahama.

Mwambie kila unachotaka kufanya kabla hujakifanya, hata kama hana fahamu, kwa sababu huenda anasikia. Na mkiwa wawili, msipige soga zenu juu ya mwili wake. Hili hunikera kuliko shuka lililokunjamana.

5. Mgongo

Mwite mwenzako msaidiane kumgeuza. Kabla hujakausha, angalia kwa makini juu ya makalio, nyonga, visigino, viwiko, kisogo na masikio. Ukiona doa, libonyeze kwa kidole kisha uachie. Wekundu usiofifia ni dalili ya kidonda cha kulalia kinachoanza. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huenda usionekane kabisa, kwa hiyo tafuta sehemu iliyokoza rangi, yenye joto au ugumu kuliko ngozi ya pembeni. Usiisugue; mlaze asiikandamize.

6. Sehemu za siri

Badilisha maji, kitambaa na glavu. Kama mikono yake ina nguvu, mpe kitambaa ajioshe mwenyewe, nawe utazame pembeni. Kama hawezi, fanya bila kusitasita, maana aibu yako humwongezea yake. Mwanamke huoshwa kutoka mbele kwenda nyuma. Mwanamume asiyetahiriwa, rudisha govi mahali pake baada ya kuosha. Likibaki nyuma huvimba.

Akianza kulia

Hutokea, hasa maji yanapogusa mgongo ambao haujaguswa siku nyingi. Acha kuosha, mfunike, weka mkono begani kama haukatai, nyamaza. Usiharakishe kumwambia atapona. Akikuuliza, "Mwanangu, nitapona kweli?" unaweza kujibu: "Hilo sina uwezo wa kulijibu, mama, lakini nitamwambia sista kwamba umeuliza. Kinachokutisha zaidi ni nini?" Kisha kweli umwambie sista.

7. Kabla hujaondoka

Mvishe, nyoosha shuka lisiache mikunjo, shusha kitanda, weka kengele na maji ya kunywa mkono unapofika. Asiyeweza kujigeuza huwekewa ratiba ya kugeuzwa, mara nyingi kila saa 2, kwa hiyo andika amelalia upande gani na saa ngapi. Ngozi nayo ielezee ulivyoiona: "kisigino cha kushoto kimekoza rangi, hakififii kikibonyezwa" humsaidia wa zamu ijayo kuliko "ngozi si nzuri". Jambo kama hilo mwambie muuguzi kwa mdomo kwanza, usingoje asome faili.