Bluzi kwenye uwanja wazi: namna ya kujiandaa kwa dakika 45 za tamasha

Mimi ni fundi sauti wa majukwaa ya matamasha. Wanamuziki wa bluzi na muziki wa asili nawapenda kuliko wengine wote wanaopita mbele ya mikisa yangu, yaani meza ya kuchanganyia sauti, na hakuna wanaonitoa jasho kama wao. Bendi ya roki ikija, kila kitu kinapiga kelele chenyewe na kazi yangu ni kupunguza. Ninyi mnakuja na gitaa la mbao, harmonika inayofichika kiganjani, mguu unaogonga ubao, na muziki ambao sehemu yake kubwa ni ukimya kati ya mstari na mstari. Halafu upepo unavuma na jukwaa la jirani linanguruma. Ukimya huo tunaweza kuulinda, ila maandalizi yake yanaanza wiki kadhaa kabla hujafika uwanjani.

Anza na karatasi. Mwandaaji akikuomba orodha ya vyombo na mchoro wa jukwaa, usimjibu kwamba mko watatu tu na hamna mambo mengi. Niandikie kila kinachotoa sauti, kila kimoja na mstari wake: sauti ya mwimbaji, gitaa la nyuzi za chuma lenye kinasa cha ndani (kifaa kinachopokea mtetemo wake), gitaa la resoneta, lile lenye koni za alumini ndani, la kuwekewa maiki, harmonika inayopita kwenye amplifaya yake, ubao wa mguu. Huo ubao ndio mnaousahau, na ndio ngoma yenu. Kwenye mchoro, kulia kwa jukwaa ni kulia kwa msanii anayewatazama watu, si kulia kwangu mimi niliye upande wa pili. Kama unapiga umekaa, omba kiti kisicho na mikono, maana chenye mikono kinaubana mkono unaopiga nyuzi. Kama kisanduku chako cha DI, kile kinachounganisha gitaa na mikisa, hakina betri na kinategemea zile volti 48 zinazotoka kwenye mikisa, sema mapema. Tuma pia orodha ya nyimbo kwa ajili ya mirabaha, na wimbo wa jadi uandike kuwa wa jadi. Usijipe utunzi wa mababu.

Nyuzi na jua

Hapa ndipo ninapoona dakika nyingi zikipotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Bluzi ya slaidi, inayopigwa kwa kutelezesha bomba la kioo au chuma juu ya nyuzi, inapenda tyuni za wazi, ambazo nyuzi zikipigwa bila kubonyezwa hutoa kodi kamili. Ukitoka tyuni ya kawaida kwenda G ya wazi, yaani D-G-D-G-B-D kuanzia uzi mnene, unalegeza nyuzi tatu: wa sita, wa tano na wa kwanza, kila mmoja kwa tone nzima. Nyumbani ni kazi ndogo. Jukwaani watu wanakutazama, wengine wameshaanza kuzungumza, na nyuzi ulizozilegeza ghafla zinaendelea kuhama katikati ya wimbo. Panga nyimbo za tyuni moja zifuatane, au njoo na gitaa la pili lililokwisha kutyuniwa. Ukilazimika kubadilisha, shusha uzi upite noti unayoitaka, uvute kidogo kwa kidole, kisha upandishe taratibu hadi mahali pake. Ukiishia kwa kupandisha, uzi hutulia zaidi. Tumia kityuni cha kubana kwenye kichwa cha gitaa, kinachosoma mtetemo wa mbao, kwa sababu kinachotegemea maiki kitatyuni ngoma za jirani.

Chuma kikipata joto hurefuka, uzi hulegea na noti hushuka. Gitaa lililotyuniwa kwenye chumba chenye kiyoyozi, likipelekwa juani moja kwa moja, litakuwa limeshuka kabla hujamaliza kusalimia. Lilete kando ya jukwaa, kivulini, nusu saa kabla, lizoee hewa ya pale. Kwa wapiga vyombo vya asili onyo hili ni zito zaidi: kora, kinubi cha Afrika Magharibi, ina nyuzi 21, na hakuna ratiba ya tamasha itakayokupa muda wa kuzityuni zote mbele ya watu. Tyuni nyuma, panda, gusa zilizohama tu.

Gitaa la resoneta wala lisikutie hofu. Lilibuniwa miaka ya 1920, na kampuni ya National ikaanza kuyauza mwaka 1927, likiwa na koni za alumini ndani ili lisikike katikati ya bendi nzima wakati magitaa ya umeme hayajaenea. Linajitetea lenyewe. Niache niweke maiki karibu na koni, nawe usiyumbeyumbe mbele yake.

Mluzi

Spika zikianza kupiga mluzi, wengi huniambia nipandishe monita, spika inayomwelekea msanii, ili wajisikie vizuri. Hapo tunamwaga petroli kwenye moto. Gitaa la mbao ni sanduku lililotengenezwa litetemeke. Monita ikilisukuma, linatetemeka, kinasa kinachukua, monita inarudisha, na mzunguko unaanza. Njoo na kizibo cha mpira cha kuziba tundu la gitaa. Kama kinasa chako kina kitufe cha kugeuza fezi (mwelekeo wa wimbi la sauti), kibonyeze usikie; mara nyingine mluzi wa chini unakatika papo hapo. Halafu geuka kidogo, tundu lisiitazame monita uso kwa uso. Na kubali monita ndogo kuliko unavyotamani.

Mpiga harmonika, wewe nina neno lako. Maiki ya kuimbia imeundwa isisikie vizuri kutoka nyuma, ndiyo maana monita imewekwa huko. Ukiikumbatia kichwa chake kwa viganja viwili, unaiharibu tabia hiyo na inaanza kusikia kila upande. Ukitaka ile sauti nzito, yenye mikwaruzo, ya mpiga harmonika Little Walter na Chicago yake ya miaka ya 1950, leta maiki yako ya kiganjani na amplifaya ndogo, nami nitaiwekea amplifaya hiyo maiki mbele. Panga harmonika zako kwa mfuatano wa nyimbo, funguo zikiwa zimeandikwa kwa herufi kubwa. Wimbo wa E unachukua harmonika ya A, wa G unachukua ya C, hilo unalijua. Ila kwenye mwanga wa jukwaa, zote zinafanana. Kukiwa na baridi, zipashe joto kiganjani kwanza.

Mpangilio wa nyimbo

Tamasha nyingi hazitakupa muda wa kupima sauti kwa utulivu. Utapata dakika chache za kuhakikisha kila waya unapitisha sauti, basi. Nikikuita "gitaa," piga gitaa kwa nguvu utakayotumia kweli kwenye wimbo, na wengine wanyamaze. Wimbo wa kwanza ni wangu: ndipo ninapoweka kila kitu mahali pake. Kwa hiyo nipe wimbo wa mwendo wa wastani ambao kila chombo na kila sauti inaingia, na usiwe ule unaoupenda kuliko zote. Ile bluzi ya polepole, yenye kunong'ona, iweke wa tatu au wa nne.

Iweke pia kwa kutazama saa. Chukua ratiba ya tamasha, angalia jukwaa la jirani linapumzika saa ngapi kubadilisha bendi, na wimbo wako wa kimya uangukie pale. Sijui kwa nini watu wachache sana wanafanya hivi. Ni bure, na unapata uwanja mzima ukiwa umetulia.

Usidhani kuwa uwanja mkubwa unadai kelele. Mississippi John Hurt, mwimbaji na mpiga gitaa wa bluzi, alirekodi mwaka 1928, akarudi kwenye kilimo, akatafutwa na kupatikana mwaka 1963. Mwaka huohuo alipanda jukwaa la tamasha la muziki wa asili la Newport, Marekani, na gitaa lake, akiimba kwa sauti ya mtu anayezungumza na jirani, na watu wakamsikiliza. Miaka mitatu kabla, mji huohuo, kwenye tamasha la jazi, mwanabluzi Muddy Waters alikuja na bendi ya umeme kutoka Chicago na kuwainua watu. Njia zote mbili zinafanya kazi. Inayoshindwa ni ya mtu mpole anayejilazimisha kupiga kelele.

Bluzi ya vipimo 12, yaani mafungu 12 ya mapigo, inakupa nafasi tayari: mstari, mstari unarudiwa, kisha jibu, kila mmoja kwa vipimo vinne. Mwimbaji anatumia kama nusu, iliyobaki ni ya chombo kuitikia. Watu wakiwa wengi, wapigaji huingiwa na wasiwasi wakaijaza nafasi hiyo, wote kwa pamoja. Kubaliana na wenzako nani anaitikia ubeti upi, wengine watulize mikono.

Na makofi: usiyafuate. Sauti hutembea kama mita 340 kwa sekunde. Aliye mita 170 kutoka jukwaani, kama spika za mbele peke yake ndizo zinazomfikia, anakusikia nusu sekunde baadaye, na kofi lake linachukua nusu nyingine kukurudia. Ukimfuata, wimbo utapungua mwendo hadi ukwame. Fuata mguu.

Maneno kati ya nyimbo yawe mafupi. Taja uliyejifunza wimbo kwake, endelea.

Mwisho wa muda wako usiujadili nami. Chagua wimbo wa kufungia unaoweza kuukata baada ya ubeti wowote, na bluzi ina hisani hiyo. Nikikuonyesha vidole viwili, zimebaki dakika mbili, na hakuna solo ya harmonika inayoingia humo. Ukimaliza, usichomoe waya wa gitaa mpaka nikuashirie kwamba nimezima. Ukichomoa mapema, mlipuko wa sauti unaotokea unaweza kuumiza spika na masikio. Ondoa vyombo vyote jukwaani kwanza, nyuzi utazifuta nyuma. Kama una rekodi za kuuza, mmoja wenu awe mezani kabla ya noti ya mwisho, maana watu wa tamasha hawakai. Wakishasikia jukwaa la pili limeanza, wameondoka.