Kabla Hujaandika Hadithi Fupi Yako ya Kwanza

Wanaoanza wengi huja na maisha mazima ya mtu: kuzaliwa, shule, kuhamia mjini, ndoa, maradhi, kifo. Hayo ni ya riwaya. Kabla hujashika kalamu, tafuta tukio moja ambalo likishapita, mhusika wako hawezi tena kuwa kama alivyokuwa. Tuseme unamwandikia msichana aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Usianzie utotoni mwake. Anzia anapofika mlangoni akitafuta maneno ya kumwambia baba, akakuta ukumbini viatu vya wageni waliokuja kuposa. Umaskini wa nyumba ile, ukali wa baba, ndoto ya msichana, vyote vitapenya kidogo kidogo kwa mbinu rejeshi, yaani kumrudisha msomaji nyuma kwenye yaliyokwisha kutokea. Ukilipata tukio la namna hiyo, kazi kubwa umeshaimaliza.

Kisha amua nani anasimulia. Msichana akisema “mimi”, hawezi kujua baba anawaza nini. Ataona tu mkono wake ukitetemeka juu ya kikombe. Jaribu aya moja kwa nafsi ya kwanza, uiandike tena kwa nafsi ya tatu, ndipo uchague. Wahusika wawili watatu wanatosha.

Kusoma nako kuna namna yake. Shuleni tulifundishwa kuwinda maudhui na tamathali ili tujibu mtihani. Mwandishi huuliza mengine: kwa nini mgogoro umeanzia hapa? Kwa nini mama hajapewa hata sentensi moja ya kusema? Chukua diwani yoyote ya hadithi fupi, soma hadithi moja kwa raha, halafu irudie na penseli mkononi.

Lipo jambo ambalo mimi nalisisitiza kuliko yote. Tumekulia kwenye ngano, zile hadithi za kusimuliwa kwa mdomo, na ngano nyingi humalizikia kwenye funzo. Ni urithi mzuri, ila msomaji wa hadithi fupi anataka kuachiwa nafasi ya kuhukumu mwenyewe. Ukijiona unaandika “tangu siku hiyo alijifunza kwamba”, futa.

Sikiliza pia watu wanavyosema. Bodaboda wa Mwanza na bibi wa Pemba hawaulizi habari kwa maneno yaleyale, na mazungumzo yenye Kiswahili cha taarifa ya habari huua wahusika wote wawili.

Mwisho, jua urefu unaoulenga. Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola, inayopokea pia hadithi za Kiswahili, hutaka maneno 2,000 hadi 5,000, na kushiriki ni bure. Haipokei hadithi iliyokwisha kuchapishwa, hata mtandaoni. Kwa hiyo kama una nia ya kushindana, usiibandike kwanza Facebook. Wape marafiki wawili waisome faraghani, na uwaulize ni wapi walichoka.