Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kukadiria Vipuri vya Chombo cha Angani

Kabla ya kupiga hesabu yoyote ya idadi ya vipuri vya kubeba, mkadiriaji hana budi kuuliza takwimu za uimara wa kila kipuri zimetoka wapi, kwa kuwa nyingi hutokana na majaribio ya ardhini. Mtambo wa kusafisha mkojo uliopelekwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga mwaka 2008 ulibuniwa kurejesha asilimia 85 ya maji. Huko juu mifupa ya wanaanga hupoteza madini, hivyo mkojo wao ulikuwa na kalsiamu nyingi kuliko ilivyotarajiwa, na mwaka uliofuata chumvi yake iliganda na kukwamisha kitengo cha ukenekaji, yaani sehemu inayochemsha mkojo na kukusanya mvuke wake uwe maji. Hakuna jedwali la kiwanda lililoweza kuonyesha hilo.

Jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo hupuuzwa zaidi, ni kuchunguza iwapo vipuri vya akiba vinaweza kuuawa na chanzo kimoja. Darubini ya angani ya Hubble ilikuwa na jairo sita, vifaa vinavyopima jinsi darubini inavyogeuka ili ielekezwe sawasawa, huku ikihitaji tatu tu kufanya kazi, na anayedhani kwamba kuharibika kwa moja hakuhusiani na nyingine angepata jibu la kumtuliza moyo. Kumbe zote zilijazwa umajimaji mzito uliosukumwa kwa hewa yenye oksijeni, ambayo ilichangia kulika kwa nyaya nyembamba kuliko unywele zilizomo ndani yake. Tarehe 13 Novemba 1999 jairo ya nne ilikufa na darubini ikasimamisha uchunguzi, hadi wanaanga walipozibadilisha zote sita mwezi Desemba.

Hali kadhalika, kuwa na kipuri si sawa na kuweza kukifunga. Pampu ya amonia ya kupoza Kituo cha Kimataifa cha Anga ilipoharibika Julai 2010, pampu ya akiba, yenye uzito wa takriban kilo 350, ilikuwa tayari nje ya kituo. Hata hivyo kiunganishi kimoja cha bomba kiling'ang'ana, amonia ikavuja, na kazi ikawalazimu wanaanga kutoka nje mara tatu. Desemba 2013 ikawa zamu ya vali ndani ya pampu hiyo mpya kuharibika, ndiyo maana kumbukumbu za hitilafu zinapaswa kushuka hadi kwenye vali na waya badala ya kuishia kwenye jina la kifaa kizima.

Akiba ipangwe pia kwa kudhani kwamba baadhi ya shehena hazitafika. Vyombo vitatu vya mizigo vilipotea ndani ya miezi minane, Oktoba 2014, Aprili 2015 na Juni 2015 (vyote vilirushwa tarehe 28, sadfa tu). Kwa Mars, ambako nafasi nzuri ya kurusha chombo hupatikana takriban kila miezi 26, hakuna shehena ya dharura, kwa hiyo vifaa vyenyewe vibuniwe vikitumia vali, mota na viunganishi vya aina moja, ili kipuri kimoja kiweze kuziba mapengo kadhaa.