Utulivu na kusudi la kila siku kwa Mkristo: namna ya kuvipangia muda

Mkristo mwenye fadhaa huambiwa mara nyingi, "Omba tu, mwachie Mungu." Ni kweli, lakini haambiwi aombe saa ngapi, aseme nini, wala afanye nini fadhaa ileile ikimrudia kabla hajafika kazini. Mwongozo huu unashughulika na hayo. Unahitaji dakika 15 asubuhi, dakika 10 usiku, Biblia, kalamu na daftari. Usianze na zaidi ya hapo. Anayeanza kwa saa nzima ya maombi kila alfajiri kwa kawaida huchoka mapema, kisha hubaki na hatia pamoja na fadhaa aliyokuja nayo.

Tena, amani ya Biblia si kukosa hisia. Yesu alilia kwenye kaburi la Lazaro, na Gethsemane alisema roho yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa. Paulo aliandika juu ya amani ipitayo akili zote akiwa kifungoni. Kwa hiyo usiipime ibada ya asubuhi kwa jinsi unavyojisikia unapoinuka. Ipime kwa wiki, kwa kuangalia unavyowajibu watu na unavyolala.

Asubuhi: zaburi kabla ya simu

Kama simu ndiyo inayokuamsha, iweke mbali na kitanda na usiifungue hadi ibada iishe. Biblia ya kwenye simu inafaa safarini, lakini asubuhi arifa moja inatosha kukutoa kwenye mstari unaosoma. Tumia ya karatasi ukiweza.

Keti wima, nyayo zikigusa sakafu. Kwa dakika 2 pumua taratibu: ukivuta pumzi sema moyoni "Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu", ukiitoa sema "unihurumie mimi mwenye dhambi". Wakristo wa Mashariki, yaani Waothodoksi, wameisali sala hii kwa karne nyingi, na mzizi wake umo katika kilio cha mtoza ushuru wa Luka 18. Lengo si kufuta mawazo. Mawazo yatakuja, hasa siku za kwanza. Usibishane nayo, rudi kwenye maneno.

Kisha soma zaburi moja kwa sauti, mara mbili. Kwa sauti, kwa sababu macho huruka mistari ambayo ulimi hauwezi kuiruka. Zaburi ni 150. Ile ya 119 ina mistari 176 iliyokwisha kugawanyika katika mafungu 22 ya mistari minane, basi soma fungu moja kwa siku. Kwa mwendo huo utazimaliza zote kwa siku 171, halafu unaanza upya.

Kwa nini zaburi? Kwa sababu zinaruhusu kulalamika. Chukua Zaburi ya 13, yenye mistari sita tu. Mistari miwili ya kwanza inauliza "hata lini" mara nne. Miwili inayofuata inaomba. Miwili ya mwisho inatumaini. Huo ni mfano unaoweza kuufuata kwa maneno yako: malalamiko, ombi, tumaini, kwa mpangilio huo. Wengi huruka malalamiko wakidhani ni utovu wa adabu, wakaanza na "nakushukuru Bwana kwa yote" huku meno yameumana. Na kama siku hiyo tumaini haliji, iko Zaburi ya 88, inayoishia gizani bila kugeuka. Nayo ni sala, na imo katika Maandiko.

Chagua fungu moja fupi la maneno kutoka zaburi uliyosoma, lisizidi maneno saba, uliandike juu ya ukurasa wa siku. Utalihitaji mchana. Malizia kwa Sala ya Bwana, polepole, na usimame kwenye "Utupe leo riziki yetu". Hapo taja jambo moja la leo. La mwezi ujao litakuwa na siku yake.

Kukabidhi fadhaa ili isibaki mkononi

Hapa ndipo wengi hukwama. Wafilipi 4:6 inasema haja zetu na zijulishwe Mungu "kwa kusali na kuomba, pamoja na kushukuru". Haja ina maneno. Fadhaa mara nyingi haina. Basi kazi ya kwanza ni kuigeuza fadhaa kuwa haja.

Piga mstari katikati ya ukurasa. Upande wa kushoto andika fadhaa kwa sentensi moja yenye jina, tarehe au kiasi. "Nina wasiwasi na maisha" haikabidhiki, kwa kuwa hujui umekabidhi nini. "Kodi ya nyumba inatakiwa tarehe 5 na nina nusu yake" inakabidhika. Upande wa kulia andika tendo moja unaloweza kulifanya leo, na saa yake: "saa nne, nitampigia mwenye nyumba niombe siku kumi." Kama hakuna, andika "leo hakuna". Kisha omba kwa sentensi tatu: litaje jambo, omba unachotaka bila kuzunguka, na ushukuru kwa kitu halisi kilichokwisha kutokea. Si lazima ushukuru kwa ajili ya deni. Shukuru kwa jirani aliyekukopesha mara ya mwisho. Funga daftari.

Itarudi, labda kabla ya saa tatu. Hilo peke yake halionyeshi kwamba imani yako ni ndogo. Ikirudi, usianze sala upya. Sema tu, "Hili nimekukabidhi asubuhi," halafu jiulize: kuna habari mpya? Ikiwepo, iandike uiangalie jioni. Isipokuwepo, rudi kwenye kilichokuwa mikononi mwako. Kuombea jambo lilelile mara nane kwa siku, kwa kulizungusha tu, ni kulisumbukia huku umefumba macho.

Kuna makosa mawili yanayovutana. La kwanza ni kujaza upande wa kulia matendo kumi, hadi daftari likawa mpango wa kazi ambao Mungu amealikwa kuutia sahihi. Tendo ni moja. La pili ni kuandika "leo hakuna" kila siku na kuliita hilo imani, ilhali barua ya mdai haijafunguliwa. Nehemia na wenzake walimwomba Mungu na wakaweka walinzi mchana na usiku. Yote mawili yamo katika mstari mmoja, Nehemia 4:9.

Fadhaa nyingine ni dhamiri inayodai haki ya mtu. Ukiona jina lilelile linarudi kila unapotulia, huenda hukosi sala bali unakosa kwenda kuomba radhi. Mathayo 5:23-24 inasema uiache sadaka mbele ya madhabahu, ukapatane kwanza na ndugu yako. Kwa dhambi inayokulemea, Mkatoliki au Mwothodoksi ataenda kwa padre kuungama. Wengine watamtafuta mwamini mzima anayetunza siri, kama Yakobo 5:16 inavyoelekeza.

Kusudi: anza na watu walio mbele yako

Anayengoja ufunuo mkubwa juu ya kusudi la maisha yake anaweza kungoja miaka huku kazi ya leo ikilala. Agano Jipya linapotaja mapenzi ya Mungu waziwazi, mara nyingi linataja mambo ya karibu sana. Waraka wa kwanza kwa Wathesalonike unataja utakaso na kushukuru kwa kila jambo, na sura ya 4 inawahimiza wasomaji watulie, wafanye shughuli zao wenyewe, wafanye kazi kwa mikono yao. Wakolosai 3:23, "Lo lote mfanyalo, lifanyeni kwa moyo, kama kwa Bwana", waliambiwa kwanza watumwa, watu wasio na uhuru wa kuchagua kazi. (Hilo halihalalishi utumwa, Paulo huyohuyo, katika 1 Wakorintho 7:21, anamwambia mtumwa awezaye kuwa huru autumie uhuru huo.) Maana yake ni kwamba kusudi halingoji upate kazi nzuri.

Chini ya fadhaa zako andika mistari mitatu. Wa kwanza: nani wako mikononi mwangu leo? Wa pili: kazi ipi lazima iishe? Wa tatu: wema gani mmoja nitautenda bila mtu kujua? Andika matendo, usiandike tabia. "Kuwa mvumilivu" hakuna anayejua kama kumefanyika. "Saa tisa nitampigia dada aliyefiwa, nimsikilize bila kumshauri" kunajulikana.

Maamuzi mazito, kama kuacha kazi, kuoa au kuolewa, au kuhama, yana kanuni ya zamani. Ignatius wa Loyola, padre Mkatoliki wa karne ya 16, alifundisha kwamba wakati wa giza na ukavu wa moyo mtu asibadilishe uamuzi alioufanya akiwa ametulia. Subiri mawingu yapite. Halafu uliza: je, jambo hili linapingana na Maandiko? Waamini wawili wanaonijua na wenye ujasiri wa kuniambia hapana wanasema nini? Nitalifanya bila kuvunja ahadi nilizokwisha kuapa? Kufungua Biblia popote na kuweka kidole juu ya mstari si njia. Mstari wo wote utakubaliana na mtu aliyekwisha kuamua.

Saa sita mchana

Evagrius, mtawa wa karne ya 4 katika jangwa la Misri, alieleza pepo aliyemjia mtawa mchana: jua linaonekana kama limesimama, mtu anachungulia dirishani kila mara, anakichukia chumba chake na kuwaza kwamba mahali pengine pangemfaa zaidi. Leo dalili ni kufungua simu bila sababu. Dawa iliyopendekezwa jangwani bado inafanya kazi: usiondoke mahali pako, endelea na kazi ya mikono, sema andiko fupi. Weka kengele ya saa sita, simama, sema lile fungu uliloandika asubuhi, kisha maliza kipande cha kazi ulichokianza. Dakika moja yatosha.

Usiku: kuipitia siku

Njia hii ya Ignatius ina hatua tano, nazo huingia katika dakika 10. Dakika 1 omba Mungu akuangazie uione siku yako kama ilivyokuwa. Dakika 2 shukuru kwa mambo mahususi. Dakika 4 ipitie siku saa kwa saa, ukitazama wapi ulisogea kwa Mungu na wapi ulikwepa. Dakika 2 omba msamaha. Dakika 1 mkabidhi kesho. Usibadilishe mpangilio: ukitanguliza makosa, zoezi linakuwa mahakama, na mtu mwenye fadhaa hahitaji mahakama nyingine kabla ya kulala. Fanya ukiwa umeketi. Ukijilaza utasinzia kwenye hatua ya pili, na si dhambi, ila hutafika ya tano.

Siku moja katika saba

Amri ya Sabato inatoa sababu mbili: Kutoka 20 inataja uumbaji, Kumbukumbu 5 inataja kutolewa utumwani Misri. Asiyeweza kusimama hata siku moja bado ana bwana mwingine. Maliza malipo, ufuaji na ujumbe wa kazi jana yake, maana pumziko huvunjwa zaidi na vitu vilivyobaki. Hudhuria ibada pamoja na wengine. Wanaohudumu kanisani kutwa nzima Jumapili watenge nusu siku nyingine, vinginevyo hawana pumziko kabisa.

Mambo yakiharibika

Ukikosa siku tatu, usizilipe. Anza na zaburi ya leo. Ukavu ukija, punguza usomaji, shika saa ileile.

Mwili pia uangaliwe. Eliya alipoomba kufa chini ya mretemu, katika 1 Wafalme 19, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akalala, akaamshwa akala tena. Sauti ndogo ya utulivu ilikuja baadaye. Kama fadhaa au huzuni imekuwepo karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, na imeondoa usingizi, hamu ya kula au uwezo wa kufanya kazi, mwone daktari. Luka aliyeandika Injili anatajwa kuwa tabibu mpendwa. Usiache dawa ulizoandikiwa kwa sababu umeombewa. Zungumza kwanza na aliyekuandikia. Mawazo ya kujiua yakija, mwambie mtu leo hii, usikae peke yako, na mwende pamoja hospitali. Kwa aliye katika hali hiyo ratiba yote ya juu ipumzishwe. Mwingine amsomee zaburi fupi, kama ya 131 yenye mistari mitatu, na yeye aitikie tu "Amina" akiweza.