Jinsi ya kumdai kisheria mnyama wako aliyebaki kwa mwenzi wa zamani

Katika sheria za nchi nyingi, mbwa au paka ni mali. Inauma kusikia hivyo kuhusu kiumbe uliyemlea tangu hajafumbua macho, lakini ndiko kesi inakoanzia: hakimu atauliza kwanza mnyama ni wa nani, kabla ya kuuliza nani anampenda zaidi.

Zipo sehemu zilizolegeza msimamo huo. Katika majimbo ya Marekani ya Alaska tangu 2017 na California tangu 2019, jaji anayegawa mali za talaka anaweza kuangalia maslahi ya mnyama. Hispania, tangu Januari 2022, inamtambua mnyama kuwa kiumbe chenye hisia, na mahakama inaweza kuamua alelewe kwa zamu. Kama mlifunga ndoa, mwombe wakili aliingize suala la mnyama ndani ya shauri la talaka, usilifungulie kesi ya pembeni. Mlioishi pamoja bila ndoa, mara nyingi njia yenu ni kesi ya madai ya kawaida.

Anza na karatasi. Zenye uzito mkubwa ni risiti ya ununuzi au hati mliyotia saini mlipomchukua kwenye kituo cha wanyama. Hati hiyo isome yote, kwa sababu vituo vingi vinakataza mnyama kuhamishiwa mtu mwingine bila idhini yao, na sharti hilo linaweza kukusaidia. Kisha tafuta kadi ya chanjo, leseni, bima, na rekodi za daktari wa mifugo zinazoonyesha nani alimleta na nani alilipa. Chipu iliyo chini ya ngozi, kwa kawaida yenye namba ya tarakimu 15, inathibitisha kwamba mnyama ndiye huyo. Jina lililo kwenye daftari la usajili ni ushahidi wa kusaidia tu, kwani hata mtu aliyekabidhiwa amtunze anaweza kusajiliwa. Wajulishe wenye daftari mapema kwamba kuna mgogoro, ili jina lisibadilishwe kimyakimya.

Usidharau ujumbe wa simu. Sentensi kama “njoo umchukue mbwa wako” ni kukiri. Hifadhi mazungumzo yote pamoja na tarehe, usikate vipande.

Kinachoangusha wengi ni zawadi. Kama wewe ulinunua lakini ulimpa mwenzako siku yake ya kuzaliwa, huenda umiliki ulishahama. Akidai hivyo, itakubidi uonyeshe kwamba uliendelea kulipa, kuamua matibabu na kujitambulisha kama mwenye mnyama. Mkiwa mlichangia kununua, ninyi ni wamiliki wenza. Hapo hakuna aliye na haki peke yake, na usuluhishi ni njia bora kuliko kesi.

Hatua inayofuata ni barua ya madai. Mtambulishe mnyama kwa jina, rangi, umri na namba ya chipu. Eleza msingi wa umiliki wako. Taja siku, saa na mahali pa kumkabidhi. Siku 7 hadi 14 zinatosha. Itume kwa njia inayoacha uthibitisho wa kupokelewa. Usitukane wala kutisha, maana barua hiyo hiyo itasomwa mahakamani.

Akikaa kimya, fungua kesi ya kurejeshewa mali. Hapa uwe makini sana. Mahakama nyingi za madai madogo zina uwezo wa kuamuru fedha tu, na thamani ya sokoni ya mbwa asiye na ukoo maalum ni ndogo mno. Uliza masjala kabla ya kulipa ada kama mahakama hiyo inaweza kuamuru mnyama mwenyewe arudishwe. Katika maombi yako sema wazi kwamba unamtaka yeye, na kwamba hakuna mwingine sokoni anayeweza kuziba nafasi yake, la sivyo mdaiwa anaweza kuruhusiwa kulipa fedha na kubaki naye.

Ukihofia atauzwa au kupelekwa mbali, omba zuio la muda, yaani amri ya mahakama ya kumkataza mwenzako asimhamishe mnyama kesi ikiendelea, pamoja na hati ya kiapo. Huenda ukatakiwa kuweka dhamana. Usichelewe: kila mwezi unaopita mwenzako anakusanya risiti zake za chakula na chanjo.

Usiende kumchukua kwa kuvizia, hata kama una ufunguo. Unaweza kushtakiwa kwa kuingia bila ruhusa au wizi, na ukaharibu kesi uliyokuwa ukishinda. Polisi nao mara nyingi watasema ni suala la madai. Hata hivyo waombe waandike taarifa yako, na kama mnyama anateswa au ananyimwa chakula, ripoti ukatili huo kwa mamlaka ya wanyama.

Ukishinda na bado akagoma, omba amri itekelezwe na ofisa wa mahakama. Makabidhiano yafanyike kwa daktari wa mifugo: chipu isomwe, afya ipimwe, dawa anazotumia ziorodheshwe, wote wawili mtie saini. Siku hiyo hiyo badilisha anwani kwenye daftari la chipu.